Kufuli la Nje

Jumatatu, 15 Juni 2009

Banda limepatikana. Shijing, kichochoro cha tatu nyuma ya maghala, kati ya fundi wa mageti na mgahawa wa tambi wa bibi mmoja asiye na meno ya mbele. Paa la bati, kuta za bati, mlango mmoja wa chuma, kidirisha kimoja juu chenye nondo. Joto la ndani la kuoka mikate. Mwenye nyumba hakuniuliza kitu. Aliangalia pasipoti yangu, akaangalia viza — mpaka Septemba — akanirudishia kwa vidole viwili.

Trekta limeshushwa leo hii hii. Dogo, la bustani, lilikuwa linakata majani kwenye uwanja wa gofu. Kiti kimechanika, injini nzima. Nilikaa juu yake nikacheka peke yangu. Mwaka wa nne huu nakuja China, Guangzhou, kununua blauzi soko la Shisanhang, na nyumbani Bukoba wanadhani sijui kingine. Wamesahau nilisomea mitambo Arusha. Kaka yangu Adrian ndiye amesahau kuliko wote. Krismasi iliyopita aliniambia mbele ya wageni nimwachie yeye mambo ya vyuma, mimi niendelee na sidiria zangu.

Ataona. Shoveli: trekta la bustani lenye mikono mbele na baketi, linabeba samadi, linabeba mchanga, na halina haidroliki hata tone. Haidroliki ikifa Bukoba imekufa, hakuna pampu wala mtu wa kuifungua. Langu litanyanyua kwa winchi ya umeme, zile za kuvutia magari yaliyokwama kwenye matope. Inakula betri ya trekta lenyewe. Waya wa chuma, makapi mawili ya kuupitishia, basi. Mchoro ni wangu, kila mstari.

Kontena la Kasmir, msafirishaji wetu wa mizigo, linafungwa Jumamosi tarehe 18 Julai. Amenipa nafasi ya mlangoni. Nina mwezi.

Alhamisi, 18 Juni

Fundi naye kapatikana. Sufian, Mzanzibari wa Jang'ombe, miaka hamsini kasoro kidogo. Anachomelea mshono hadi huhitaji kuusaga. Alikuja kuchukua vipuri vya pikipiki, mwenzake akamkimbia na mzigo, viza ikaisha Novemba. Tangu hapo analala kwa watu. Sasa hakuna wa kumlaza. Polisi wako mtaa wa Dengfeng mchana kweupe, kila mweusi anasimamishwa: huzhao, huzhao, pasipoti! Asiye na viza anapandishwa basi.

Tumekubaliana hivi. Alale bandani, anijengee shoveli, ikiisha namkatia tiketi, nalipa faini yake, nampeleka mwenyewe kujisalimisha. Binti yake Swalha anaolewa Ijumaa ya pili ya Shaaban, tarehe 31 Julai. Yeye ndiye walii. Neno hilo kalirudia mara tatu kana kwamba sisi Wakatoliki tuna masikio mazito. Hataki ami mtu amuozeshe mwanawe. Anataka kumuozesha mwenyewe.

Pasipoti yake ninayo mimi. Kwa usalama.

Na kufuli ni la nje. Hilo sikulibuni mimi, nusu ya watu wetu wasio na karatasi wanaishi hivyo mwaka huu. Rafiki anakufungia kwa nje anaondoka na ufunguo. Polisi wakipita wakaona kufuli wanajua hakuna mtu, wanahamia mlango mwingine. Sufian mwenyewe ndiye alinikabidhi hilo kufuli, la shaba, zito. Sharti moja tu: kichochoroni kukiwa na wageni, kimya. Asigonge kitu kwa sababu yoyote ile. Fundi wa mageti akisaga, naye asage. Jirani akinyamaza, anyamaze.

"Haya," akasema.

Jumanne, 23 Juni

Mikono imesimama. Mizuri mno! Bomba la mraba, kona zimenyooka.

Lakini kabla ya mikono alipoteza nusu siku kutengeneza kitu ambacho hakimo kwenye mchoro wangu. Bomba nene lenye panda juu, la kuegemeza mikono ikiwa imenyanyuliwa. Analiita gadi. Nikamwambia bomba hilo nilinunua kwa kazi nyingine. "Mie dada siingii chini ya chuma kisichokuwa na gadi," akasema, na akaendelea kupanga vijiti vyake vya kuchomelea kama vile nimeshaondoka.

Halafu akauangalia mchoro kwa muda mrefu. Akauliza: "Dada Benedicta, winchi yavuta. Nani atakayesukuma?"

Nikamwambia mikono itashuka kwa uzito wake. Akasema baketi tupu ni nyepesi. Nikamwambia nimemleta kuchomelea, si kusahihisha mitihani. Haya, akasema. Hiyo haya yake ina dharau ndani.

Jumapili, 28 Juni

Misa kanisa la mawe. Padri anahubiri mimi nachora makapi nyuma ya karatasi ya nyimbo. Nimeona njia ya kupitisha waya bila kugusa bomba la moshi. Mungu anisamehe, ila ilikuwa misa nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Baadaye nikaenda kwa Wangari, Mkenya anayepika nyumbani kwake Xiaobei, ndiye ananifungia chakula cha Sufian. Akaniuliza choo anaendaje. Nikasema ana ndoo. Na feni? Feni ingesikika. Akaweka kijiko chini. "Bene, huyo msee atakufia huko ndani. Hiyo si kuficha mtu, hiyo ni jela."

Nikamwambia jela ya kweli ipo, akitaka nimpeleke. Wangari ana huruma nyingi kwa mtu asiyemjua hata sura. Naona kapunguza nyama, sijui anamkomoa nani.

Alhamisi, 2 Julai

Jaribio la kwanza. Winchi ikawashwa, mikono ikapanda — taratibu, kwa heshima — mpaka juu. Nilipiga makofi. Halafu nikabonyeza kushusha.

Mikono haikushuka. Ilibaki juu pale pale, imenata. Winchi ikaendelea kuachia waya, waya ukalegea, ukajisokota kwenye ngoma yake mpaka likawa fundo la kutisha. Saa mbili za kulifumua kwa koleo.

Sufian hakusema nilikwambia. Alivaa glavu akaanza kufumua. Ndicho kilichoniudhi! Angesema, ningemjibu. Nikamwambia amekaza mno bolti za maungio, ndiyo maana. Akazilegeza mbele yangu, moja moja, akajaribu tena, ikawa vile vile. Akazikaza tena.

Chakula chake kilikuwa kwenye mfuko mkononi mwangu. Nikaondoka nacho. Nilimpa bibi wa tambi, akafurahi sana.

Jumatatu, 6 Julai

Nimepata dawa. Baketi inatakiwa iwe na mdomo mzito, chuma kinene upande wa mbele, uzito uvute mikono chini. Rahisi. Ningeliona mapema kama mtu asingenichanganya na maswali.

Tatizo: chuma. Wauza vyuma wa barabara kuu wamefunga wiki nzima, wanakagua leseni. Kila laoban, mwenye duka, jibu moja: mei you, hakuna. Bandani kulikuwa na chuma kinene kimoja tu.

Nikamwambia akate gadi.

Alikataa. Kwa adabu, lakini alikataa. Akasema mikono sasa itakuwa mizito zaidi, ndiyo haja ya gadi imezidi. Nikakaa kwenye kiti cha trekta, nikatoa pasipoti yake kwenye mkoba, nikaifungua kurasa moja moja. Picha yake ya zamani, ana mashavu. Nikamwuliza Shaaban inaandama lini vile?

Akachukua grainda. Tulingoja fundi wa mageti aanze kusaga, kisha akakata. Hakuniangalia muda wote.

Nilifurahi. Hapa hakuna wa kunisoma, naandika kama ilivyo. Nilifurahi kumwona anakata.

Na mikono inashuka sasa. Inashuka vizuri kabisa, waya umenyooka mpaka chini.

Ijumaa, 10 Julai

Mifuko sita ya mchanga! Imenyanyua mifuko sita, trekta halikuinua makalio kwa sababu nyuma tumefunga bonge la zege. Kilango cha baketi kinafunguka kwa kuvuta kamba, mchanga unamwagika, baketi inarudi yenyewe kwa springi. Niliifanya mara kumi na moja. Nimepiga picha. Adrian atatafuta pa kuweka uso.

Kuna dosari ndogo. Tuliiacha mikono juu Sufian akila, na alipomaliza ilikuwa imeshuka shubiri nzima, peke yake. Breki ya winchi inateleza. Ni winchi ya kuvuta, haikuundwa kushikilia kitu hewani. Anataka kutoboa matundu mawili apitishe pini nene ya kufunga mikono juu. Kazi ya siku moja. Nikamwambia rangi kwanza, pini baadaye, Bukoba watatoboa.

Mchana Kasmir alinipigia simu. Wiki hii wanaojisalimisha wakiwa na tiketi mkononi wanaachiwa haraka, siku mbili tatu wako kwenye ndege, hawalazwi ndani. Watu wawili wa Mwanza wametoka jana. Itadumu mpaka lini hakuna anayejua. "Mwambie huyo mzee wako Jumatatu asubuhi aende, asichelewe," akasema. Nikamwambia nitamwambia.

Sijamwambia. Akienda Jumatatu nani atapaka rangi? Nani atafunga taa? Nitamwambia Jumamosi ijayo, kontena likishafungwa. Siku tano si kitu.

Jumatatu, 13 Julai

Rangi ya njano, tabaka la kwanza. Inapendeza.

Sufian kaniuliza watu wanasemaje huko nje. Nikasema hali mbaya, anayejisalimisha anawekwa ndani miezi. Akatikisa kichwa. Amepungua, suruali kaifunga kwa waya wa umeme. Kwenye bati karibu na godoro kakwaruza mistari, mmoja kwa kila siku. Ishirini na tano. Nikamwambia anaharibu ukuta wa watu.

Akaomba simu aongee na Swalha. Nilimpa dakika tatu, nikabaki pale pale. Alimwambia yuko kwenye karakana kubwa, bosi wake mtu mwema, kuna feni. Akamwambia wamwambie ami yake asishike kalamu, walii yuko njiani. Kisha akacheka, kitu alichosema mtoto, akasema Tahir huyo mkwe wangu mwambie anywe maji. Sijawahi kumsikia akicheka. Sauti ya mtu mwingine kabisa.

Nilipochukua simu ilikuwa imelowa jasho lake. Nikaifuta kwa khanga. Sikupenda nilivyojisikia njia nzima, nikanunua chungwa moja nikalila kituoni ili lipite. Lilipita.

Alhamisi, 16 Julai

Mji umechafuka. Jana kuna mtu aliruka dirishani akikimbia ukaguzi wa pasipoti, Wanaijeria wakaenda kuziba barabara mbele ya kituo cha polisi. Wengine wanasema kafa, wengine wanasema yuko hospitali. Leo Dengfeng nusu ya maduka yamefunga. Wangari hatapika. Kasmir anaongea kama anapumulia mdomo: kontena halingoji Jumamosi, lori linakuja kesho Ijumaa, saa tisa mchana, trekta liwe tayari mlangoni au libaki.

Kwa hiyo kesho.

Kilichobaki ni rangi ya chini ya mikono. Mishono yote mizuri iko huko chini, nataka Adrian akiinama aione inang'aa. Nimemwambia Sufian asubuhi anyanyue mikono mpaka juu, alale chini, apake. Akauliza nini kitashika. Nikasema winchi itashika, nusu saa tu hiyo. Apange makopo ya rangi chini ya hiyo mikono kama anaogopa.

"Makopo?" akasema.

Akauliza na tiketi. Nikasema iko tayari. Haipo bado, nitaikata Jumatatu. Akauliza tena: tayari kweli, dada? Nikamwambia kama haniamini mlango ule pale. Wote wawili tuliuangalia mlango. Kisha nikatoka nikafunga kufuli.

Ijumaa, 17 Julai

Saa saba na nusu mchana. Naandika hapa mgahawani kwa bibi wa tambi. Mikono yangu inataka kazi na daftari ndilo lililokuwamo kwenye mkoba.

Nimefika saa saba nikiwa na wali niliomnunulia Sufian. Kichochoro kimejaa polisi. Saba, labda wanane, na mwenye nyumba mbele yao anafungua milango. Sikupunguza mwendo. Nimeingia hapa nikakaa meza ya nje kama kawaida. Banda langu liko mbele yangu, hatua ishirini. Kufuli naliona.

Wamekuja mezani. Huzhao. Nimewapa yangu. Mmoja kijana wa miwani kaigeuza, kaiangalia viza, karudisha. Kauliza kwa Kiingereza naandika nini. Nikasema hesabu za blauzi. Pasipoti ya Sufian iko kwenye mkoba ule ule, chini ya wali.

Kisha nikasikia.

Nilidhani ni fundi wa mageti. Si yeye, yeye anasaga. Ni chuma juu ya bati, kutoka ndani ya banda. Mara mbili. Kimya. Mara tatu.

Anagonga. Mwezi mzima hajawahi kugonga. Siku niliyoondoka na chakula chake hakugonga. Polisi wote hawa nje, anawasikia, na anagonga.

Saa saba na dakika arobaini. Mwenye nyumba kawaonyesha kufuli. Mei ren, hakuna mtu. Wamemwamini, wameandika kitu kwenye ubao wao. Kijana wa miwani kasimama kidogo, kichwa kimeinama upande. Nimeomba fundi wa mageti asizime grainda. Nimeomba kweli, Salamu Maria nzima. Hakuzima.

Kagonga tena. Taratibu zaidi, kama mkono unaofikia spana kwa shida.

Ninajua ni nini. Sina haja ya kufungua ili nijue. Ile mikono, na ule mdomo wa chuma, na makopo ya rangi.

Nikifungua mbele yao, anachukuliwa, nami nachukuliwa kwa kumficha, lori linakuja linakuta banda lina utepe wa polisi. Nisipofungua, wanaondoka, halafu nafungua. Hilo ndilo la akili. Yeye mwenyewe angesema hivyo. Kufuli ni lake.

Bibi wa tambi ananiangalia. Naye anasikia. Hana meno lakini masikio anayo. Nimeagiza bakuli la tambi ili aingie jikoni.

Saa nane na robo. Polisi wameondoka. Wote. Nimewaona wakipinda kona ya maghala, mwenye nyumba nyuma yao anajipepea kwa karatasi. Kichochoro kitupu.

Saa nane na nusu. Bado nimekaa. Tambi zimepoa.

Nafikiria hospitali. Hospitali wataitaka pasipoti. Wataita polisi. Na mimi ndiye niliyemleta, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje na ufunguo uko kwangu. Wangari atasema alisema. Nafikiria lile neno lake, jela, na alivyoweka kijiko chini.

Huenda ni mguu tu. Mtu anaozesha binti akiwa amekaa, halazimiki kusimama.

Kagonga mara moja. Nimengoja ya pili, haikuja.

Saa tisa kasoro tano. Lori la Kasmir limeingia kichochoroni kinyumenyume. Vijana wanne juu, wamevaa vesti. Dereva kasimama mlangoni kabisa mwa banda, anaangalia kufuli, anaangalia saa, anapiga honi. Atapiga tena. Wanne hao wanaweza kunyanyua mikono ile bila winchi. Ningeweza kuwaambia tangu walipotokea pale kona.

Honi ya pili. Ndani imejibiwa. Kidogo tu, kwa kitu laini, si spana tena. Kiganja labda.

Dereva kageuka, kaniona, ananiita kwa mkono. Rangi ya njano ya asubuhi itakuwa imekauka. Ufunguo ninao hapa juu ya daftari, nimeushika mpaka umepata moto. Naenda. Naenda kufungua sasa hivi, nalipa tambi kwanza.